Pima Kwanza, Ndipo Ufumue

Haya jamani, nimefanya wazimu wangu: nimenunua Volkswagen Beetle ya 1968. Fundi wa kwanza aliiwasha, akaisikiliza dakika moja, akatoa hukumu: "Bosi, hii injini imekufa. Tufumue yote." Bei aliyotaja ilikaribia ile niliyonunulia gari lenyewe.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Ukikabidhiwa programu ya zamani iliyoandikwa na mwingine, hamu ya kwanza ni kufuta yote na kuanza upya. Mara nyingi ni uvivu wa kusoma tu.

Nikakataa. Nikaazima geji ya kupimia kompresheni. Silinda nambari 1, 2 na 4 zilitoa zaidi ya pauni 105. Nambari 3 ikatoa 70. Kumbe! Katika Beetle za miaka hiyo, kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa ya silinda nambari 3, kwa hiyo hewa inayoifikia tayari ina joto. Valvu hurefuka, mwanya unakwisha, haifungi sawasawa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nikarekebisha mianya yote iwe milimita 0.15. Nambari 3 ikapanda hadi 100. Nilitumia gasketi mbili za vifuniko vya valvu, basi.

Lakini katika kupima niliona jambo la kutisha. Mpira wa petroli ulikuwa umepasukapasuka, unadondosha petroli juu ya injini. Mwili wa injini hiyo ni aloi ya magnesiamu. Ukishika moto, maji huuchochea tu. Nami nilikuwa nimeiendesha hivyo kutoka Nakuru hadi Nairobi, mwanangu akiwa kiti cha nyuma, injini mgongoni pake. Fundi hakuuona mpira huo kwa sababu alikuwa keshaamua. Mimi je? Sikuwa hata nimeangalia.

Sisemi injini isifumuliwe kamwe. Ikifa, ifumuliwe, lakini vipimo ndivyo viseme. Kabla ya kugusa ufunguo, kagua mipira ya petroli. Pima. Badilisha kitu kimoja, pima tena, andika. Daftari langu sasa linakaa ndani ya gari: oili lita 2.5 kila kilomita 5,000, na wavu wake kusafishwa, maana chujio la karatasi halina.

Mpira mpya ulinigharimu chini ya chakula cha mchana. Kazi kwako.