Entropia peke yake haitoshi

Ndugu mwandishi, makala yako umeimaliza haraka mno. Kusema entropia, yaani kipimo cha vurugu, huongezeka ni nusu tu ya jibu la kwa nini mambo hayarudi nyuma. Hapa Kawempe, Kampala, kijana anayeuza rolex (chapati ya mayai) anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatia kitunguu na nyanya, anakoroga kwa uma. Hakuna kanuni ya Newton inayozikataza chembe za mchanganyiko huo kurudi kinyumenyume hadi kiini kijitenge na ute. Kinachozuia ni hesabu tu: namna za kuvurugika ni nyingi kupindukia, za kupangika ni chache. Mwanafizikia Boltzmann alilionyesha hilo mwaka 1877.

Lakini mwenzake Loschmidt alikwisha kumbana tangu 1876 kwa hoja hiyo ya kurudi kinyumenyume! Na hesabu hiyohiyo ukiielekeza nyuma, inakuambia hata jana vurugu ilikuwa kubwa kuliko leo, jambo ambalo ni upuuzi. Njia ya kutokea inayopendelewa zaidi ni kukubali kwamba ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulianza ukiwa umepangika ajabu, na tangu hapo unavurugika. Kwa nini ulianza hivyo? Hapo wanafizikia bado wanavutana, na wewe hukuligusa swali hilo kabisa. Tunasubiri sehemu ya pili.