Kila kitu kimelipiwa, mama amebaki chumbani



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), aliyeitandaza ardhi na kuitiisha bahari. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapendwa, juma hili tunaomba tuzungumze juu ya likizo.

Huenda wapo watakaoshangaa. Hapa Kilolo, shule zikifungwa, likizo ya watoto wengi ni jembe, njegere na viazi. Hata hivyo mambo yanabadilika. Wamo miongoni mwetu ambao Allah amewafungulia milango ya riziki, na nyoyo zao zinatamani kuwatoa wake na watoto wao katika baridi hii wakaone mahali pengine. Tamaa hiyo ni njema. Tunachotaka kukizungumzia ni namna inavyotimizwa.

Siku za karibuni, baada ya sala ya Isha, ndugu yetu mmoja mfanyabiashara wa mbao alibaki msikitini akatuomba faragha. Ametupa ruhusa ya kuyaandika aliyotusimulia, maadamu hatulitaji jina lake. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwahidi mkewe na watoto wao watatu kwamba atawapeleka Unguja. Mwaka huu biashara ilimwendea vizuri, akatimiza ahadi. Alilipia hoteli ya ufukweni siku saba usiku na mchana, kwa mpango wa kulipia kila kitu mara moja: kitanda, milo mitatu, vinywaji, bwawa la kuogelea, burudani za usiku na matembezi ya kwenda kuangalia wanyama. Walipofika, kila mmoja alivikwa ukanda wa plastiki mkononi, alama ya kwamba huyu amekwisha kulipiwa.

Jioni ya kwanza waliteremka kula. Chakula kilikuwa kingi kupita maelezo, kila mtu ajipakulie atakacho. Lakini baa ilikuwa katikati ya ukumbi huohuo, na mvinyo ulikuwa ukipita meza hadi meza. Kesho yake mkewe alikwenda bwawani pamoja na watoto. Hakukaa hata robo saa, kwa namna watu walivyokuwa wamevaa na kwa namna yeye alivyotazamwa kwa kuwa amevaa. Alirudi chumbani, na siku zilizobaki aliketi kwenye kibaraza akiiangalia bahari kwa mbali. “Kila kitu nilikilipia,” alituambia ndugu yetu, “lakini mama watoto alitumia kitanda na wali.”

Hata hayo siyo yaliyomleta kwetu. Waliporudi nyumbani, siku moja alikuwa akitembea na kijana wake wa miaka tisa, wakakaribia kilabu cha ulanzi. Kama ilivyo desturi yake, alimshika mkono amvushe upande wa pili wa barabara. Mtoto akamuuliza: “Baba, mbona kule Unguja tulikula humohumo wanamonywea?”

Ndugu yetu hakuwa na jibu. Akaja kuliomba kwetu.

Kupumzika si dhambi

Tulipolifikisha jambo hili katika kikao cha kamati, pasi na kumtaja mhusika, tulisikia kauli mbili. Mzee wetu mmoja alisema fukwe ni mambo ya watalii, Muislamu hana haja nazo. Baadhi ya vijana wakasema tunakuza jambo, kwani asiyekunywa hanywi, hata akikaa kando ya pipa. Sisi tunaona, kwa heshima zote, kwamba kauli zote mbili zimekosa mlango.

Tuanze na ya mzee wetu. Dini yetu haikuharamisha furaha ya familia. Mtume (SAW) alishindana mbio na mama yetu Aisha (RA) wakiwa safarini, kama alivyopokea Abu Dawud. Salman (RA) alipomkuta Abu Dardaa (RA) amezama katika ibada hata kumsahau mkewe, alimkumbusha kwamba mke naye ana haki, na Mtume (SAW) akamsadikisha Salman. Qur’ani Tukufu, katika Suratul Ankabut, inatuelekeza tutembee katika ardhi tuangalie jinsi Allah alivyoanzisha viumbe.

Ama bahari, Waislamu wa Afrika Mashariki hawawezi kuiita ya watalii. Ndiyo njia iliyoipitisha dini hii mpaka ikatufikia. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa katika pwani ile, adhana ilikuwa imekwisha kusikika kwa mamia ya miaka.

Ukanda wa mkononi una nini ndani yake

Sasa tuwajibu vijana. Huu mtindo wa kulipia kila kitu kwa pamoja haukuasisiwa kwa ajili yetu. Ulianza Ulaya, pale kampuni ya Club Med ilipofungua kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, mwaka 1950. Baadaye ukashamiri katika visiwa vya Karibiani, Jamaica vikiwemo viunga vyake vya pwani, kisha ukafika kwetu. Hesabu yake ni nyepesi. Bei moja hugawiwa wageni wote, kwa hiyo anayekunywa chupa tano na asiyegusa hata moja hulipa sawasawa. Maana yake, pombe imo ndani ya bei aliyolipa ndugu yetu, atake asitake.

Sisi si mamufti, na hukumu ya kila sura ya muamala huu tunawaachia wanazuoni. Lakini lipo lililo wazi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae katika meza inayozungushwa pombe. Katazo hilo linahusu kukaa, si kunywa peke yake. Na hekima yake tumeifahamu kwa swali la mtoto wa miaka tisa. Kwetu, mvua zikinyesha na mianzi ikitoa, ulanzi uko kila njia. Mzazi hutumia miaka kumjengea mwanawe ukuta dhidi ya kilabu, kisha katika siku saba humfundisha kwamba ukuta ule ulikuwa ni wa umaskini tu: pombe ya kwenye kata na ndoo ni haramu, ya kwenye bilauri inayong’aa haina neno. Hatudhani ndugu yetu alikusudia kufundisha hivyo. Lakini watoto hawasomi makusudio yetu, husoma meza tulizokaa.

Kisha ipo israfu. Chakula kikishalipiwa, nafsi humwambia mtu ajaze sahani ili fedha zake zirudi. Kinachobaki hutupwa. Suratul Aaraf imeturuhusu kula na kunywa na kutukataza kupita kiasi katika maneno ya mfuatano, na hakuna mahali ambapo mipaka hiyo hujaribiwa kama mbele ya meza isiyokuwa na mwisho.

Kima punju na ndugu zake wa Udzungwa

Tulimuuliza ndugu yetu, je, hakukuwa na kheri yoyote katika safari ile? Uso wake ukabadilika. Akasema ilikuwapo siku moja, nayo ndiyo watoto wanayoisimulia mpaka leo. Ni siku waliyokwenda msitu wa Jozani. Mkewe alitoka chumbani, akatembea na buibui lake chini ya miti, hakuna aliyemkodolea macho. Juu ya vichwa vyao walikuwapo kima punju, nyani wadogo wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, ambao kiasili hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Mtoto wao wa kike aligundua kwamba mikono yao haina kidole gumba kinachoonekana. Mwongozaji akawaeleza kwamba kima hawa hula mkaa, na watafiti wanasema mkaa huwasaidia kuondoa sumu iliyomo katika baadhi ya majani wanayokula. Mama akasema, “Subhanallah, nani kamfundisha tiba?” Ndugu yetu anasema hilo ndilo darsa alilolisikia katika likizo nzima.

Kisha mwongozaji akawauliza wametoka wapi. Waliposema Iringa, akacheka kwa upole: “Basi mmewaacha jamaa zao nyumbani.”

Alisema kweli. Milima ya Udzungwa, ambayo sehemu yake imo katika wilaya yetu ya Kilolo, ina mbega mwekundu wake, ndugu wa kima punju. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na hutembelewa kwa miguu, kwani ndani yake hakuna barabara za magari. Lango lake kuu liko Mang’ula, upande wa Kilombero, na karibu na hapo yapo maporomoko ya Sanje yanayoshuka mita 170. Katika msitu wa Ndundulu, upande wetu wa milima, anaishi kipunji, aina ya nyani ambayo wanasayansi waliitangaza mwaka 2005, na ambaye pia yumo katika misitu ya Rungwe, mkoani Mbeya. Mwaka 2008 wakamtangaza sange mpya kutoka misitu hiihii, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Watu wanavuka bahari kuja kuitafuta milima hii, nasi tunaiamkia kila asubuhi tukiwa tumeipa mgongo.

Suratul An’am inatufahamisha kwamba wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Kwa hiyo kuwatazama kuna adabu yake pia. Kizimkazi wapo pomboo, na wapo wageni wanaowashinikiza manahodha wawakimbize mpaka wawazingire kwa boti ili watu wajitose juu yao. Muislamu asiwe miongoni mwao. Amwambie nahodha azime mashine akae mbali. Pomboo akija mwenyewe, alhamdulillah. Asipokuja, bahari peke yake ni aya tosha.

Kabla ya kulipa

Kwa familia zinazopanga safari, tunaona ni vyema kujiuliza mambo haya.

Kwanza, mama ameulizwa? Tunaliweka mbele kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Likizo ambayo mwenye kuchoka kuliko wote nyumbani hataweza kuifurahia si likizo ya familia. Akae na mumewe, wasome pamoja kilichomo katika bei, na yeye aseme kipi ataweza kukitumia kwa stara.

Pili, meza ikoje? Hoteli iulizwe kama inauza pombe, kama ina sehemu ya kulia iliyojitenga, kama nyama ya nguruwe hupikwa katika vyombo hivyohivyo. Zanzibar zipo nyumba za wageni na hoteli zisizouza pombe kabisa. Mara nyingi kulipia kitanda na kifungua kinywa peke yake, kisha mkala kwa mama lishe au Forodhani, huwa nafuu, na fedha zenu huwafikia wenyeji.

Tatu, sala. Msafiri ana rukhsa ya kupunguza na kukusanya. Lakini kwa madhehebu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri na husali sala kamili. Mwenye kwenda kwa juma zima alijue hilo mapema.

Nne, fedha ni za nani? Mwenye deni lililofika muda wake, au mwenye vibarua ambao hajawalipa ujira wao, likizo yake imo mifukoni mwa watu wengine. Alipe kwanza.

Tano, je, ni lazima iwe mbali? Basi la Dar es Salaam likishateremka Kitonga na kupita Mikumi, barabara hukata katikati ya hifadhi, na watoto huona swala na twiga dirishani bila ya kulipa zaidi ya nauli. Katika hifadhi za taifa, kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo mno kulinganisha na anacholipa mgeni kwa dola. Ruaha nayo ni jirani yetu.

Ama ndugu yetu, tulimshauri asimtungie mwanawe sababu. Alimketisha baina ya Magharibi na Isha akamwambia: “Mwanangu, swali lako ni la haki. Baba alikosea, na tumuombe Allah msamaha sote wawili.” Anasema kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Udzungwa nako watavikwa ukanda mkononi.

Shule zikifungwa tena, inshaallah, ndiko wanakokwenda. Safari hii aliyechagua ni mama.

Tunamuomba Allah (SW) azibariki riziki zetu, azifanye safari zetu kuwa za kheri, na awajaalie watoto wetu wayaone kwetu yaleyale wanayoyasikia kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.