Futari si Lazima Iagizwe

Kila Ramadhani, hapa Kaberebere na kambini Nakivale, naona familia zikikopa ili ziagize tende kutoka Mbarara au Kampala. Idi inafika, deni liko pale pale na ada ya shule haijalipwa.

Tende ni Sunna, hilo halina ubishi. Lakini Anas (r.a.) ametupokelea kwamba Mtume (s.a.w.) alipokosa tende alifuturu kwa mafunda ya maji. Basi deni la nini?

Isingiro yetu imejaa ndizi. Ponda ndizi mbivu, changanya na unga wa muhogo, kaanga kabalagala, watoto watashiba. Tende uliyoikosa hutaulizwa, deni utaulizwa.

Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.