Nzi bandani, hasara mfukoni

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayelalamikia bei ya pumba na mashudu ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, ipo hasara nyingine ambayo wengi hawaiandiki popote, nayo huletwa na nzi.

Katika maeneo mengi ya Kilimanjaro, Arusha, Tanga na Rungwe, ng'ombe hufugwa ndani na kukatiwa majani. Samadi hurundikwa nyuma ya banda ikisubiri kupelekwa shambani. Rundo hilo ni mali kwa migomba na mahindi, lakini likiwa bichi ni mazalia ya nzi. Wakati wa joto, yai la nzi wa kawaida huweza kuwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Nzi wa bandani anayeng'ata na kunyonya damu huchukua takriban wiki tatu, na hupenda samadi iliyochanganyika na mkojo na mabaki ya majani.

Ng'ombe anayeng'atwa miguuni hupiga kwato chini, hutikisa kichwa na kuchapa mkia kutwa nzima. Muda wa kula na kucheua hupungua, na maziwa nayo hupungua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikadiria kuwa nzi huyo humpunguzia ng'ombe mmoja kilo 139 za maziwa kwa mwaka. Ng'ombe wa kule hutoa maziwa mengi kuliko wetu, hivyo takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa hapa kama ilivyo. Lakini inatosha kutufanya tushike kalamu.

Tuchukulie mfugaji anayekamua ng'ombe watatu na kuuza lita moja kwa Sh 1,000. Akimlipa kijana Sh 1,500 kila anapozoa samadi, mara mbili kwa wiki, atatumia takriban Sh 12,000 kwa mwezi. Ili kuirudisha fedha hiyo anahitaji lita 12 za ziada, yaani lita nne kwa kila ng'ombe kwa mwezi. Hiyo haifiki hata robo lita kwa siku.

Hapo hatujagusa gharama za matibabu. Nzi wanaweza kusambaza vimelea vya ugonjwa wa kiwele, na wale wang'atao wanaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa mapele ngozi. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake hayafai kuuzwa mpaka siku zilizoelekezwa zipite. Mfugaji analipia dawa huku akimwaga maziwa.

Wengi hukimbilia dawa ya kupulizia. Ina nafasi yake, lakini inayopuliziwa ukutani huua nzi wakubwa tu, na funza waliomo kwenye samadi hubaki. Isitoshe, dawa ileile ikitumika mfululizo huzalisha nzi sugu. Kazi ya kwanza ni kuzoa samadi kila baada ya siku tatu au nne kabla funza hawajakomaa, kuianika kwa tabaka jembamba au kulifunika rundo kwa nailoni, kuondoa masalia horini na kuhakikisha mkojo unatiririka nje.

Nzi hajui mpaka wa jirani. Ndiyo maana tunashauri vyama vya ushirika wa maziwa, ambavyo hukutana na wafugaji kwenye vituo vya kukusanyia, vipange siku za pamoja za kuzoa samadi, na maofisa ugani wasimamie. Maziwa yakiongezeka, chama nacho kinafaidika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfugaji aandike lita za kila ng'ombe kuanzia leo, kisha asafishe banda kwa mwezi mzima bila kubadili chakula. Tofauti atakayoiona kwenye daftari lake ndiyo itakayomwambia kama kazi hiyo inalipa.