Tunamcheka Nani?



Kucheka ni dawa. Mgonjwa akianza kututania wodini, sisi wauguzi hujua anaelekea kupona. Lakini kila dawa ina kipimo chake. Mwezi huu tutazame vichekesho wanavyoviangalia vijana wetu hapa Kasulu na Kibondo, katika mabanda ya video na siku hizi kwenye simu.

Picha za kauboi za kuchekesha zimependwa miaka mingi. Wengi mnamkumbuka Trinity, picha ya mwaka 1970 ya Waitaliano Terence Hill na Bud Spencer. Hebu tazama nani ni nani: stelingi ni Mzungu, majambazi ni Wameksiko. Katika picha nyingi za aina hiyo Wahindi Wekundu kazi yao ni kupiga kelele na kufa, na mtu mweusi haonekani. Ilhali wanahistoria wanakadiria kuwa kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani mwaka 1838, aliwakamata wahalifu wa nchi ile kwa miaka zaidi ya 30.

Mwaka 1974 Mel Brooks alitoa picha iitwayo Blazing Saddles. Mmoja wa walioiandika ni mchekeshaji mweusi, Richard Pryor. Humo Cleavon Little, mtu mweusi, anatumwa kuwa mkuu wa polisi wa mji wa Wazungu. Bibi mmoja anamtukana barabarani mchana. Baadaye, akiisha kuuokoa mji na jitu la fujo, bibi yule anamletea pai dirishani usiku, kisha anamwomba asimwambie mtu. Tunacheka, lakini tunayemcheka ni bibi na ubaguzi wake. (Picha hiyo ina matusi mengi, si ya watoto.)

Jambo hili linatuhusu. Wakati wa ukoloni baba na babu zetu Waha walikwenda kukata mkonge Tanga wakaitwa manamba, na matamshi yao yakawa mzaha. Tunajua uchungu wake. Mbona basi katika maigizo ya vijana wetu mwizi au mjinga huwa ni mkimbizi, anayeongea kwa lafudhi ya Kirundi? Kiha na Kirundi ni lugha ndugu! Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na Warundi walipokuja kwa wingi tena mwaka 2015, wageni hao wamenunua na kuuza nasi sokoni. Nimemwona mama mjamzito akinyamaza kliniki, asieleze kwamba anatokwa damu, kwa kuogopa foleni itamcheka akifungua kinywa. Mzaha wa namna hiyo unaweza kuua.

Mama, fanya haya:

1. Keti na watoto, uwaulize: katika picha hii nani anachekwa, na kwa kosa gani?

2. Mnapoandaa igizo la Krismasi, mgeni naye apewe nafasi ya kuwa mwenye busara.

3. Mtoto akiiga lafudhi ya mtu ili kumdhihaki, mkanye palepale. Usicheke kwanza.

Yesu aliposimulia habari za aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, stelingi wake alikuwa Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Wasikilizaji wake hawakulitarajia hilo.

Tucheke, akina mama, lakini jirani naye apate kucheka pamoja nasi.