Siku ya ajali hakuna mkubwa

Juzi mwenzetu alivunjika mguu ndani ya shimo. Tulichanga franga ya hospitali, kila mutu na ile alikuwa nayo. Mwenye shimo alileta mchele na mafuta, akaenda. Hakuna karatasi ya kumlazimisha, juu yule kijana hakuwa mfanyakazi wa mutu. Tunagawana mali, basi eti sisi wote ni wakubwa! Ni siku ya kuuza tu.

Sheria ya Kazi ya 2002 inamlinda mwenye mkataba, na CNSS inangoja mchango wa patron. Sisi patron iko wapi?

Lakini Sheria ya Madini, ile ilirekebishwa 2018, inatutaka tuwe na karta na tuingie koperative. Wengi wetu, toka Bafwasende mpaka Banalia, tunaona ni mambo ya kulipisha watu tu. Mimi pia niliona hivyo. Sasa naona mlango uko pale: tangu sheria ya 2015 SONAS haiko peke yake kwa bima, na mchimbaji mmoja hawezi kuwabembeleza, koperative yenye majina ya watu wake inaweza. Ila tusipite metre 30 za sheria, tusiwape sababu ya kukataa kulipa.

Tunaomba kila koperative ya Tshopo itoe fungu la ajali mbele ya kugawana, na majina yaandikwe kabla watu hawajashuka shimoni.