Huria na Chemosit: Dhidi ya Nasaba Fupi ya Fantasia

Imekuwa desturi kudai kwamba fantasia iliingia katika riwaya ya Kiswahili mwaka 1990, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona, na kwamba chimbuko lake ni Amerika ya Kusini. Dai hili halina mashiko. Mwaka 1952 Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuitoa Adili na Nduguze, ambamo jini Huria anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa uovu waliomtendea ndugu yao.

Watetezi wa nasaba hiyo fupi hujibu kwamba kisa hicho kimetoka katika Alfu Lela Ulela, na kwamba jini wake ni chombo cha mawaidha tu. Asili hiyo hatuikanushi. Lakini katika kisa cha Kiarabu ndugu wale hugeuzwa mbwa. Nyani, kinyume na mbwa, anafanana na mtu. Kila usiku Adili anapowachapa, msomaji analazimika kuuliza utu unakomea wapi. Huko si kuiga.

Swali hilo si geni kwa mwanafunzi wa Kericho au Bomet, kwa kuwa analijua tangu ngano za Chemosit. Mwaka 1909 A. C. Hollis, akiandika juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, alimwelezea Chemosit kuwa nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja, makalio tisa, na kinywa chekundu king'aacho usiku mfano wa taa. Baadaye walowezi walilibandika jina lake kwa yule waliyemwita dubu wa Nandi, wakamsaka porini kama mnyama wa kawaida.

Tunawacheka walowezi, ilhali kosa letu ni lile lile. Wao waliuliza kama kiumbe huyo yupo. Sisi twauliza ametoka nchi gani. Hakuna aulizaye anatenda nini ndani ya hadithi.

Hasara yake ni kubwa. Mwanafunzi anajifunza kumnukuu García Márquez kwa fahari, huku Chemosit wa bibi yake akimtupia katika tanbihi, chini ya neno "ushirikina". Hatuna budi kuigeuza mihutasari yetu: kozi ya riwaya na ianze na Huria na Chemosit, ndipo ifike kwa Nagona. Fasihi isiyojua wazazi wake haiwezi kujua deni lake kwa wageni.